Ihefu imeshakuwa Singida Black Stars: mtu wa Mbarali bado ana timu?

Msangu wa Chini: Katikati ya msimu wa 2023/24 timu ilitoka uwanja wa Highland Estates pale Ubaruku, Mbarali, ikaenda uwanja wa Liti, Singida. Msimu uliofuata jina nalo likafutwa. Wapo Mbarali wanaoishangilia mpaka leo, eti "ni ileile". Ileile kwa lipi? Uwanja umebaki, wachezaji wametawanyika, jina la utani Mbogo Maji limezikwa.

Alizeti Kavu: Kikanuni ni ileile, ndugu. Haikuanzia wilayani upya. Iliondoka na pointi zake na nafasi yake ya Ligi Kuu. Mwaka 2025 imebeba Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, nyie mmenuna. Halafu tusidanganyane, Ubaruku palijaa siku ya Simba na Yanga tu, na nusu ya watu walivaa njano ya Yanga.

Msangu wa Chini: Njano? Yanga walifika pale wakiwa hawajafungwa mechi 49, wakaondoka na 2-1. Zile kelele zilikuwa za nani?

Kocha wa Kijiweni: Zilikuwa 47 mkuu.

Binti Takwimu: 49. Novemba 29, 2022. Ya 50 ndiyo iliyogoma. Oktoba 2023 wakarudi palepale, 2-1 tena.

Alizeti Kavu: Kelele za Simba hizo. Yanga akifungwa popote nchini, Simba ndiye mwenyeji.

Fundi Nyavu: Ukitaka kujua shabiki wa kweli, usihesabu siku ya Yanga. Hesabu Jumatano saa 10 alasiri, mgeni Namungo, na watu wako majarubani wanapandikiza mpunga. Hapo mlangoni hakuna hela. Na kidogo kinachopatikana kinakatwa VAT 18%, kisha uwanja, bodi ya ligi, TFF na chama cha mkoa. Kosta ya kwenda ugenini haijakodiwa bado, hoteli bado, posho bado. Timu ya wilaya inaishi kwa mfuko wa mtu mmoja, na mwenye mfuko akitaka kuhama anahama. Singida wenyewe yamewakuta: timu ya DTB ikawa Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, ikapelekwa Mwanza, kisha Babati. Ndiyo maana Ihefu ilipotua Liti walishangilia haraka hivyo.

Alizeti Kavu: "Haraka hivyo" maana yake nini? Singida tulikuwa na mpira tangu Liti inaitwa Namfua! Tusifanywe watu wa kuokota timu.

Msangu wa Chini: Si mmeiokota kweli?

Binti Takwimu: Fundi kawatetea Singida, nyie mmeshika neno moja. Anyway, waliohamishiwa timu na wakakataa wapo. Klabu ya Wimbledon ya London iliporuhusiwa kuhamia mji wa Milton Keynes mwaka 2002, mashabiki waliunda AFC Wimbledon, wakaanzia daraja la tisa. 2011 wakaingia daraja la nne, 2020 wakarudi mtaa wao wa zamani, Plough Lane. Mbarali fanyeni hivyo.

Kocha wa Kijiweni: Rahisi. Mnasajili, mnaingia Daraja la Kwanza.

Fundi Nyavu: Daraja la Kwanza linaitwa Championship tangu 2021, na huingii kwa kusajili. Kwanza katiba na viongozi, halafu usajili. Kisha ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, ligi ya mabingwa wa mikoa, First League, ndipo Championship. Wengi hukwama kwenye mabingwa wa mikoa: kituo kiko mbali, mechi zinafuatana, na kikosi kizima kinahitaji kula na kulala mpaka mtolewe. Mchango wa kijiweni hukata siku ya nne.

Msangu wa Chini: Jina Ihefu tutaruhusiwa? Ile ni ardhioevu yetu ya Usangu, haikununuliwa pamoja na jezi.

Alizeti Kavu: Chukueni. Sisi tuna alizeti, hatuhitaji bwawa.

Msangu wa Chini: Bwawa? Maji ya Ruaha Mkuu yanapita hapo kwenda Mtera, umeme unaotazamia mpira unatoka wapi?

Fundi Nyavu: Haya, tumeshafika kwenye umeme.

Binti Takwimu: Swali lilikuwa shabiki wa Mbarali aende Liti au asiende. Njiani, Iringa hadi Dodoma peke yake ni kama kilomita 260, na hapo Singida bado.

Alizeti Kavu: Aje, tutampa kiti. Asije na njano tu.

Kocha wa Kijiweni: Ila zilikuwa 47.