Kununua hisa za kampuni za programu za miundombinu: je, inafaa?

MtunzaSeva (Ntinda):
Ndugu zangu, naomba ushauri. Natunza mitambo ya kampuni ya malipo hapa Kampala. Kila mwezi zinakuja bili za dola: Datadog ya kufuatilia seva, Cloudflare ya kulinda tovuti, MongoDB ya hifadhidata. Bosi hubana matumizi yote, lakini hizi hazigusi, maana moja ikizimwa malipo ya simu yanasimama. Nina akiba ya shilingi milioni 4. Mbona nisiwe na hisa humo? Mke wangu anataka tununue hatifungani za serikali, yaani tuikopeshe serikali kwa riba.

BintiArua:
Kaka, ulichokiona kazini ni kweli, lakini hakikuambii hisa ni ghali au rahisi. Tazama HashiCorp, wenye Terraform, programu ya kuunda na kupanga seva, ambayo najua mnaitumia. Iliingia sokoni Desemba 2021 kwa dola 80 kwa hisa. Aprili 2024 IBM ikatangaza kuinunua kwa dola 35 kwa hisa. Programu haikuharibika! Watu waliinunua wakati riba ya Marekani iko karibu na sifuri, kila kitu kinapanda.

Fungua ripoti zao. Wateja wa zamani wanaongeza matumizi? Snowflake, kampuni ya kuhifadhi na kuchambua data, ilipoingia sokoni Septemba 2020, wateja wake walikuwa wanalipa dola 158 pale walipolipa 100 mwaka uliotangulia. Kisha tazama hisa wanazopewa wafanyakazi kama sehemu ya mshahara. Hapa wengi hupitwa: hisa mpya zinatolewa kila mwaka, fungu lako linapungua. Kampuni inayotangaza faida bila kuhesabu malipo hayo mimi siiamini. Mshahara ni mshahara.

Mzee wa Jinja:
Kijana, shemeji yetu ana hoja. Hatifungani unaanza na shilingi 100,000, riba inaingia kila miezi 6, kodi yake asilimia 20, au 10 ikiwa ya miaka 10 na kuendelea. Hizo kampuni nyingi hazitoi gawio, yaani hazigawi faida kwa wenye hisa. Utaona pesa siku ya kuuza tu. Karo usiipeleke huko.

MtunzaSeva:
Asanteni sana. Mzee, karo iko kando. Terraform tunaitumia kila siku na habari ya dola 35 sikuwa nayo. Naanza na ripoti ya Cloudflare. Dada, hizo hisa za wafanyakazi nizitafute wapi?

BintiArua:
Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, mistari ya juu, chini ya faida au hasara ya mwaka. Gawanya tarakimu hiyo kwa mapato ya mwaka, halafu fanya hivyo kwa Datadog na MongoDB pia. Ukikwama, weka tarakimu hapa tuzitazame.