Bajeti milioni 2.4: kompyuta ya kuediti harusi na kucheza gemu, nichukue ipi?

Mwambani_Vidio

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, kazi yangu ni kupiga video za harusi, sendofu, na mara mojamoja maulidi. Nina kamera mbili: Sony A7 III niliyoizoea, na A7 IV niliyoinunua mwaka jana. Naediti kwa Premiere kwenye laptopu ya i5 kizazi cha 8, RAM GB 8. Klipu za A7 III zinakwenda kwa kusuasua lakini zinakwenda. Za A7 IV zikiingia kwenye taimlaini, picha inaganda na sauti inaendelea. MC anaongea huku mdomo kaufunga. Mwezi uliopita nimekabidhi sendofu siku 11 baada ya tarehe niliyoahidi, na mama wa bibi harusi hanisalimii tena. Tunakaa mtaa mmoja.

Nimejikusanya hadi 2,400,000. Monita, kibodi na mausi ninavyo. Kazi kwanza, ila sitaficha: usiku mdogo wangu na mimi tunacheza mpira, FC, na tumechoka kucheza na wachezaji wasio na nyuso.

Nimepewa chaguo tatu. Ya kwanza, HP Z440 iliyotumika, prosesa Xeon, RAM 32, kadi ya picha Quadro ya GB 4, kwa 1,150,000. Ya pili inaitwa "gaming PC", i7-4770, RAM 16, GTX 1050 Ti, kasha la kioo na feni za taa, 1,400,000. Muuzaji anasisitiza ni i7, tena i7 "full". Ya tatu ni kununua vipande na kuunga mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Naombeni mwongozo, natanguliza shukrani.

baba_Shani

Chukua Z440 mkuu, usijisumbue. Xeon ni Xeon. Mashine za ofisi za Ulaya hazifi. Chenji inayobaki nunua lenzi.

fundi_kifaru

Naandika kwa simu, mtanivumilia.

Mkuu wa Tanga, swali lako umeanza kulijibu mwenyewe ila hujaliona. Umesema A7 III inakwenda na A7 IV haiendi, kwenye laptopu ileile. Basi kilichobadilika ni faili. A7 III inaandika 8-bit 4:2:0, yaani rangi zilizopunguzwa ili faili liwe jepesi, ambayo karibu kila kadi na kila prosesa ya miaka hii inaifungua bila jasho. A7 IV nina hakika umeiweka kwenye 10-bit 4:2:2, maana kila mtu wa YouTube anasema ndiyo yenye rangi. Ni kweli ina rangi. Lakini laptopu yako haina sehemu ya kuifungua kwa vifaa, kwa hiyo prosesa inaifungua kwa nguvu zake, fremu moja moja, kama mtu anayebandua lebo za kreti nzima ya soda.

Hapo ndipo i7-4770 inapokufa. Ni prosesa ya 2013, ina kora 4, na Quick Sync yake, ile sehemu ya Intel ya kufungua video kwa vifaa, haiujui kabisa mfumo wa kubana video wa H.265, si 4:2:2 wala 4:2:0. Muuzaji anakuuzia herufi i na namba 7. Taa zitawaka vizuri, sikatai.

Z440 naiheshimu, nilikuwa nayo. Pawasaplai ya wati 700, chuma kizito, nafasi 8 za RAM. Lakini Xeon E5 haina picha za ndani, yaani kadi ndogo ya picha ndani ya prosesa, kwa hiyo Quick Sync hakuna. Prosesa zile pia haziko kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifungiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu wa 3D au wa kuhesabu mambo, chukua. Kwa harusi ya A7 IV, hapana.

Unga mwenyewe. Moyo wake uwe Core i5-12400, na tafadhali isiwe 12400F. Hiyo F maana yake picha za ndani zimezimwa, na hizo ndizo unazozifuata. Intel tangu kizazi cha 11 inafungua H.265 10-bit 4:2:2 kwa vifaa. Kadi yako kubwa haifanyi hivyo: hata RTX 4090 haiwezi, kwa Nvidia limeanza na familia ya 50. Watu wanashangaa kusikia kwamba kijipicha cha bure ndani ya i5 kinaishinda kadi ya mamilioni kwenye kazi hii, lakini ndivyo ilivyo.

Kadi chukua RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika. Hiyo ni ya gemu, ya rangi, ya efekti na ya kurenda. Madabodi B660M ya DDR4 yenye nafasi nne za RAM. H610 ni rahisi zaidi lakini ina nafasi mbili tu za RAM, na wewe utaanza na 8+8 kwa sababu bei ya RAM tangu mwishoni mwa 2025 imekuwa ya kichaa. Nafasi mbili zibaki wazi, utaongeza Mungu akijalia. Usichukue kijiti kimoja cha 16. Viwili vinafanya kazi kwa pamoja, kimoja kinaburuta.

Diski: NVMe ya TB 1, ile ya kasi, kwa mfumo na kazi iliyo mezani, na HDD, ile ya sahani inayozunguka, ya kuhifadhi. Usikubali kuuziwa NVMe ya gharama kubwa "kwa ajili ya 4K". Piga hesabu: klipu ya 100Mbps ni MB 12.5 kwa sekunde. Hata HDD inafika 150. Shida ya HDD ni pale kamera mbili au tatu zinaposomwa kwa pamoja na kichwa cha diski kinaanza kukimbia huku na huku.

Sasa pawasaplai, na hapa nitakaa kidogo.

2021 nilikuwa na studio ndogo Sinza. Nilinunua kasha lililokuja na pawasaplai yake, kibandiko kimeandikwa 600W kwa wino wa dhahabu. Miezi minne ilifanya kazi. Usiku mmoja narenda harusi, umeme ukakatika, ukarudi baada ya dakika mbili tatu, nikasikia mlio kama punje ya bisi, moja tu. Harufu ikafuata. Ile pawasaplai ilikwenda na madabodi, na ilikwenda na diski yenye harusi yenyewe, ambayo sikuwa na nakala yake. Nilirudisha 800,000 kwa familia na kuomba radhi mbele ya wazee, nimeketi kwenye kiti cha plastiki kama mtu aliyefumaniwa.

Baadaye niliifungua. Ndani nusu tupu. Kisha ndipo nikasoma kibandiko ninachowaambia nyote mkisome kabla ya kulipa: achana na namba kubwa, tafuta mstari wa +12V. Wangu ulisema ampea 18. Mara 12, ni wati 216. Hizo 600 ni za wino. RTX 3060 peke yake inakula hadi 170, na i5-12400 ikipandisha inafika 117. Unataka 550W ya 80 Plus Bronze, mstari wa 12V uwe na ampea 40 na zaidi, na ukiinyanyua uisikie mkononi. Nyepesi kama boksi la viatu vya mtoto, irudishe.

MkongweWaGemu

Fundi nakuheshimu, ila kwa bajeti hii Ryzen 5 5600 na RX 6600 inachezesha mpira bila shida, na fedha inabaki. RX 6600 inakula wati 132 tu. Kwa nini umfunge mtu kwa Intel?

fundi_kifaru

Angekuwa mchezaji tu ningekubaliana na wewe, ningemwambia leo leo. Ryzen 5 5600 ni prosesa nzuri na inakuja na feni yake. Lakini haina picha za ndani, na RX 6600 haifungui 4:2:2. Atarudi palepale: MC anaongea, mdomo umefungwa. Anaweza kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kueditia, ndiyo, na hata kwa Intel namshauri azijue. Ila proksi za sendofu ya saa nne kwa kamera mbili ni usiku mzima mwingine.

Na nilisahau jambo la bure kabisa. Mwambani, angalia menyu ya A7 IV. Ukiwa kwenye XAVC S, jina la Sony la aina ya faili, na 4:2:2 10-bit, hiyo ni H.264, mfumo uliotangulia H.265, na hiyo hata Quick Sync ya 12400 haiifungui. Inayofunguka ni XAVC HS, yaani H.265. Kasoro yake, kwenye 4K XAVC HS haina 25p, yaani fremu 25 kwa sekunde, utapiga 50p. Kwa hotuba za wajomba na kukata keki weka XAVC S 4:2:0 8-bit ya 100M, GB 45 kwa saa, hakuna atakayejua. 10-bit itunze kwa bibi harusi anapoingia na kwa picha za bahari wakati wa jua kuzama. Ungebadilisha hili mwezi uliopita, na laptopu yako ile, yule mama angekuwa anakusalimia.

Kizingo254

Salamu kutoka Mombasa. Fundi amemaliza ila acha niongeze la sisi watu wa pwani. Hewa ya chumvi inakula. Nilifungua mashine ya mteja anayekaa karibu na bahari, skrubu za kasha zimeshika kutu na miguu ya kadi ina ukungu wa kijani. Usiweke mashine dirishani, na isikae sakafuni. Kasha la kioo mbele ni tanuri, tafuta lenye wavu.

Pili, UPS, betri ya akiba. Stima ikipotea ukiwa katikati ya kurenda hasara si faili tu. Lakini ile ndogo ya 650VA kwa kawaida inabeba wati 360 hivi. Mashine hii ikiwa moto pamoja na monita unaigusa dari. Tafuta 1000VA au zaidi, na uitumie kuhifadhi kazi na kuzima, si kumalizia mechi.

Mwambani_Vidio

Wakuu, marejesho, nimekaa kimya wiki tatu.

Kwanza nilibadilisha kamera usiku uleule. Fundi, nilikuwa kwenye XAVC S 4:2:2. Nimejisikia mjinga kidogo.

Nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar na flashi yenye GPU-Z, ya kusoma kadi ni ipi, na FurMark, inayochora duara la manyoya ili kuichosha kadi. Kariakoo, duka la kwanza, kijana akaniletea RTX 3060, boksi safi, 620,000, "GB 12 hii, bosi". Nikamwomba aichomeke. Akanuna lakini akaichomeka. GPU-Z ikafunguka: kumbukumbu 8192 MB, 128 bit. Nikamwonyesha. Akasema ni ileile, tofauti ni toleo. Kweli lipo toleo la GB 8, niliisoma njiani, kwa hiyo hata si kadi feki, ila silo nililoambiwa. Nikashukuru nikatoka.

Duka la nne, ghorofani, mzee mmoja wa makamo. Sikumwambia kitu, akaichomeka mwenyewe, akanigeuzia monita. Kora 3584, 192 bit, GB 12. Nikaomba FurMark dakika 15. Akaagiza chai, tukanywa tunaitazama ile manyoya inazunguka. Ikasimama nyuzi 74. Kadi ina vumbi, kibandiko cha feni moja kimebanduka, sikujali. 610,000.

Vilivyobaki: i5-12400 400,000, B660M 290,000, RAM 8+8 ya 3200 kwa 260,000, pawasaplai 550W Bronze 190,000 (niliisoma, ampea 43, wauzaji wawili walinicheka nilivyokuwa nainyanyua), NVMe TB 1 260,000, HDD TB 2 200,000, kasha la wavu 110,000. Jumla 2,320,000. UPS itasubiri harusi ya Pangani.

Kuunga kulinichukua siku nzima. Mara ya kwanza haikuwaka, nikakaa jasho linanitoka, kumbe sikuchomeka ule waya wa pini 8 wa prosesa juu kushoto. Halafu Quick Sync haikuonekana, ikabidi niingie BIOS, menyu ya madabodi, kuwasha picha za ndani, maana ukiweka kadi zinajizima zenyewe. Hilo hamkuniambia.

Sendofu ya Jumamosi ipo mezani, klipu za 10-bit nazivuta mbele na nyuma na mdomo wa MC unafuata maneno. Video ya dakika 40 imerenda kwa dakika 19. Laptopu ilikuwa inachukua kuanzia isha mpaka adhana ya alfajiri. Na mdogo wangu ameona jasho la wachezaji, hataki kulala.

fundi_kifaru

Hongera sana. La BIOS ni kosa langu, nilipaswa kulisema. Fungua Task Manager, kwenye Memory, niambie RAM inasoma spidi gani.

Mwambani_Vidio

2133.

fundi_kifaru

Umelipia 3200. Rudi BIOS, washa XMP, mpangilio wa kuipa RAM spidi yake kamili.

Mwambani_Vidio

Dogo yuko dakika ya 80 na ananifunga 3-1. Nazima sasa hivi.