Naomba ushauri: maketi imetangazwa lakini haitoki

Bandugu jambo, niko Goma, naomba mawazo yenu. Nakusanyaga maketi za gari za plastiki za kubandika, skeli 1/24, ile gari ya mita 4,8 inakuwa sentimita 20, na Land Cruiser ndiyo napenda kupita zote maana ndiyo gari ya barabara zetu. Kampani moja ya Japani ikatangaza mupya, mi nikatuma avansi ya dola 30 kwa muuzaji wa inje siku ile ile. Tarehe ya kutoka wameshaisogeza mara mbili. Nimemuandikia, anajibu tu ngojea, maduka mengine mtandaoni ni picha tu, boksi hakuna. Naelewa kuchonga kalibu za chuma za kumiminia plastiki inachukua muda, na mengi yanatangazwaga mapema kwenye maonyesho ya maketi ya Shizuoka, kule Japani, mwezi wa 5, lakini kwangu dola 30 si kidogo.

Sasa, niombe avansi irudi ao ningojee? Na ninyi wa hapa mnapitishaga koli (vifurushi) zenu Kigali kwa njia gani, hasa rangi za kupuliza, maana kwenye ndege zinakataliwa?

Aksanti sana.