Tupeane uzoefu: umetembea kwa mguu na begi mgongoni kandokando ya Ziwa Victoria, ulikutana na mnyama gani?

Wakuu habari zenu. Nimefungua uzi huu kwa sababu wadogo zangu wawili wanataka kupita Ghuba ya Speke kwa mguu kama nilivyopita mimi, na kuwaambia "muwe makini" tu naona haitoshi. Nataka wasome ya watu waliofika. Naanza na yangu.

Tulikuwa wawili, tukashuka kwenye basi Magu na tenti moja, sufuria, mchele kilo mbili, chumvi na ndimu, samaki tulijua tutanunua kwa wavuvi. Mpango ulikuwa kufuata ziwa mpaka Lamadi, siku tatu. Siku ya kwanza raha tupu, mashamba ya pamba, mpunga, ng'ombe wanakunywa maji, watoto wanatusindikiza wakiuliza begi limebeba nini.

Siku ya pili jioni tumechoka tukapata sehemu nzuri ajabu. Tambarare, hatua kama thelathini toka majini, majani mafupi sawasawa kama uwanja wa mpira uliofyekwa jana. Tukasema hapa Mungu katuwekea. Tumeshachomeka vigingi vinne, akapita mzee na wavu begani, tukamwamkia shikamoo, akaitikia halafu akasimama. Akauliza, "Wajukuu, hapa nani kawaonyesha?" Tukamwambia tumejionea wenyewe. Akasema, "Haya majani mnadhani kafyeka nani?"

Akatushika mkono mpaka pembeni ya matete. Kuna njia imetoka majini, na ile njia haifanani na ya mtu wala ya ng'ombe. Ina mifereji miwili na tuta katikati, kama gari dogo linapita hapo kila siku. Akasema kiboko ana kifua kipana, miguu ya kushoto inapita huku, ya kulia kule, katikati hapakanyagwi. Kwenye kichaka cha jirani kinyesi kimetapakaa mpaka usawa wa kiuno, maana anakisambaza kwa mkia. Tenti yetu ilikuwa katikati ya malisho yake, na njia ya kurudia majini inapita mlangoni kwetu.

Tukang'oa tukamfuata mpaka mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, tukalala nyuma ya vibanda pembeni ya dagaa waliofunikwa. Usiku nikasikia ule mngurumo wake, ule kama mtu mzito anacheka kifuani, na usingizi ukaishia hapo. Asubuhi nikamwomba mzee anirudishe pale. Kulikuwa na nyayo za vidole vinne vinne, moja imefukia tundu la kigingi chetu. Mpaka leo nikimkumbuka yule mzee namwombea dua. Karibuni.

Binti Buchosa:
Mkuu asante. Mimi sijawahi kubeba begi kutembea ila nimezaliwa ufukweni, kwa hiyo naongelea mamba. Kiboko utamsikia, utaona njia yake, mamba hutamsikia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, tumeenda kuchota maji na mama mdogo, yeye ana dumu la njano la lita ishirini amelilaza majini linajaa, ameshika mkono wa dumu, ghafla likavutwa. Alidhani ni mimi namtania! Maji yakachafuka, akaachia, tukakimbia hatukuangalia nyuma. Jioni kaka zangu walilikuta dumu kwenye matete, lina matundu pande zote mbili. Bibi hakukubali litupwe, alilikata juu akapanda mchicha, matundu yakawa ya kutolea maji.

Nyumbani tulifundishwa hivi: usichote sehemu ileile saa ileile kila siku, maana anakusoma ratiba. Usioshe vyombo ziwani giza likiingia, usiinamie maji ukiwa peke yako, na kama wenyeji wameweka uzio wa miti majini basi chota ndani ya uzio hata kama kuna foleni ya madumu. Wadogo zako wamuulize mama yeyote anayefua, "mnachotea wapi?" Ataonyesha kwa kidole. Na wasioge hovyo, kichocho kipo, wakirudi wakapime.

Mkulima wa Ghuba:
Nawasoma kwa makini, ila naomba na upande wetu usikike. Nyie mnakutana na kiboko usiku mmoja, sisi tuko naye kila msimu. Mwaka juzi aliingia kwenye mpunga wangu siku tatu kabla ya kuvuna. Haishii kuula tu, anaukanyaga, anaulalia, asubuhi unakuta matope na mashuke yamezama. Tulikesha tunapiga madebe na kuwasha moto, akahamia kwa jirani.

Nikaenda kuripoti, kuna kitu kinaitwa kifuta jasho, mtu akiumia au kufa ni kifuta machozi. Wakaja wakapima ekari, wakaangalia shamba liko umbali gani toka mpaka wa hifadhi, nikajaza fomu nikasaini. Mpaka naandika hapa sijapata hata senti, nauli ya kufuatilia nimeshatumia zaidi ya nilichotarajia. Simchukii kiboko jamani, alikuwepo kabla ya babu yangu. Ila mkipita mkakuta mwenyeji kanuna mkimtajia wanyama mjue ana sababu. Na tafadhali msikate njia kwenye majaruba yetu ya mpunga.

Mwanza Mawe:
Mkulima pole sana kaka, inauma.

Mimi nilienda kisiwa cha Rubondo, tulivukia Kasenda upande wa Chato. Kule hutembei kiholela, ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na unatembea na askari mwenye silaha. Nilikuwa nimewafuata sokwe, wale ambao wazee wao 17 waliletwa toka Ulaya wakaachiwa kisiwani kati ya 1966 na 1969. Tulitembea msituni siku mbili, tukaona viota juu ya miti na maganda ya matunda, sokwe mwenyewe nikamsikia tu anapiga kelele mbali. Nzohe, yule swala wa kwenye maji, nilimwona, kasimama kwenye matete maji yamemfika tumboni.

Lakini kilichonikaa moyoni ni fisi maji, siyo fisi, ni mnyama mdogo wa majini anayekula samaki. Alfajiri nimekaa kwenye jiwe wakatokea watatu, wakapanda jiwe la pili, mmoja ana samaki kamshika kwa mikono miwili anamla kuanzia kichwani kama mtoto anayetafuna hindi. Nasikia mlio wa mifupa kabisa. Nilikuwa na simu mkononi sikupiga hata picha, niliogopa kusogeza kidole.

Pimbi:
Kwetu Ukerewe niliona moshi mweusi umesimama juu ya maji nikajua boti inaungua, nikaanza kupiga kelele. Kumbe wadudu wa ziwani. Dakika chache wametufikia, mdomoni, puani, kwenye ugali. Wadogo zako wabebe kitambaa cha kufunga usoni.

Mwenye uzi:
Wakuu nimewatumia yote wanasoma. Mkulima nimekusikia, watapita pembeni ya majaruba. Swali moja, wakifika Lamadi wanataka kuendelea na ziwa mpaka Bunda, vipi kule?

Mkulima wa Ghuba:
Hapana, waishie Lamadi. Mbele kuna geti la Ndabaka, Serengeti inakuja karibu kabisa na ziwa, tembo wanavuka hadi vijijini na Mto Grumeti una mamba wakubwa kuliko wa huku. Wapande basi. Na kama watapita kwangu kabla ya giza nyuma ya nyumba kuna uwanja wa kuweka tenti, nje ya njia ya kiboko, nimeshahakikisha. Wanitumie ujumbe humu siku moja kabla, mke wangu aandae sato.