Wakuu, disketi halisi na disketi pepe kwenye Apple IIe Card: draivu inazunguka tu, haisomi. Naombeni ushauri

MwanaMadison
Habari za jioni wanajamvi. Nimekwama tangu Jumamosi na sasa naogopa hata kuigusa mashine. Nina Mac LC yenye Apple IIe Card (kadi inayoifanya Mac iendeshe programu za Apple IIe), mfumo ni System 7.6. Kwenye kebo ya Y nimechomeka draivu ya inchi 5.25, na Floppy Emu (kifaa kinachojifanya draivu, disketi zake ni mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu) kwa ajili ya disketi pepe. Nataka zote mbili zifanye kazi pamoja. Nikiingia upande wa IIe, draivu inazunguka bila kukoma, taa inawaka, hakuna kinachosomwa. Emu haionekani kabisa. Nifanyeje? Disketi ni za zamani tu, kama 40 hivi.

FundiSumaku
Mkuu, kwanza tupange vitu mezani. Kebo imepita wapi, kifaa kwa kifaa, kuanzia kwenye Mac? Emu umeiweka kwenye modi ipi? Na kwenye skrini kuna maneno yoyote? Disketi ya data ya ProDOS (mfumo wa disketi wa Apple II) isiyo na mfumo wa kuwashia haizunguki milele, inakuandikia UNABLE TO LOAD PRODOS na kusimama. Inayozunguka milele maana yake hata traki 0, duara la kwanza la data, haijasomeka.

BintiKapasita
Kabla ya draivu, fungua mashine uangalie ubao. Kapasita ndogo za mikrofaradi 47 za LC huvuja zote, ni swali la lini tu. Ukipasha moto na kusikia harufu ya samaki, hiyo ndiyo elektroliti. Inakula njia za shaba taratibu, na mtu anahangaika na draivu miezi mitatu kumbe ubao ndio unaoliwa. Toa na betri, usiiache humo.

PakuaTu
Kwa nini ujitese? Disketi za shule za Apple II, hasa za MECC ya Minnesota, ziko Internet Archive. Pakua, weka kwenye kadi ya microSD ya Emu, basi. Disketi halisi ziache zipumzike.

MwanaMadison
Asanteni. Dada Kapasita, ubao umeshabadilishwa kapasita, ni safi. Mpangilio ni huu: kebo ya Y, halafu Apple 3.5 Drive, halafu 5.25, halafu Emu mwisho. Emu iko kwenye modi ya hard disk ya SmartPort (njia ya Apple II ya kuongea na vifaa vyenye prosesa yake). Hiyo 3.5 nimeshailipia na mwenye duka harudishi hela, kwa hiyo itabaki kwenye mnyororo. Kuhusu kupakua, hapana, siwezi kuzipata huko.

FundiSumaku
Igeuze hiyo 3.5 usome namba chini yake. Kama ni A9M0106, ni Apple 3.5 Drive, nayo haina akili yake yenyewe. Kwa draivu za nje za 3.5, IIe Card inaongea na UniDisk 3.5 tu, A2M2053, ambayo ina prosesa yake ya 65C02 ndani. Kulipia hakuibadilishi. Itoe.

Kosa la pili ni mpangilio. Vifaa vya SmartPort vinatangulia, 5.25 inakuwa ya mwisho. Emu ikiwa SmartPort nyuma ya 5.25 haitaonekana hata ukeshe. Lakini kazi yako haihitaji SmartPort. Weka Emu modi ya 5.25, iache nyuma ya draivu halisi: ya kwanza inakuwa sloti (nafasi ya kadi) 6 draivu 1, Emu inakuwa draivu 2. Kadi inakubali 5.25 mbili. Na usichomeke wala kuchomoa kebo ya pini 19 mashine ikiwa imewaka.

MzeeWaTraki35
Subirini kwanza. LC ina prosesa ya 68020. System 7.6 haiingii kwenye 68020, inataka 68030 kwenda juu. Tena IIe Card inahitaji anwani za biti 24, na 7.6 ndiyo iliyoziondoa, mwisho wa kadi hii ni 7.5.5. Sasa huyu ndugu anatuambia ameingia upande wa IIe kwa mashine ambayo haiwezi hata kuwaka na mfumo huo. Na disketi 40 za shule zisizopatikana popote? Naona tunachezewa akili, huu uzi umetungwa.

PakuaTu
Hapo Mzee umegusa. Mleta mada, weka mambo wazi.

MwanaMadison
Sijatunga. Mashine ni Color Classic, niliandika LC kwa sababu kadi inaitwa ya LC na sikutaka maelezo marefu. Ndani kuna BlueSCSI (kifaa kinachojifanya hard disk) yenye imeji mbili, yaani nakala za diski nzima: moja ina 7.1, nyingine 7.6. Kwa IIe nawasha kwa 7.1. Nilipaswa kusema hivyo.

Na disketi si za shule. Ni za marehemu baba. Alifundisha Kiswahili huku Madison, aliandika masomo na orodha za maneno kwa programu ya AppleWorks kwenye IIe yake. Hakuna nakala nyingine. Ndugu zangu Tanga wanasubiri. Nimeshajaribu tatu. Ya tatu nikiigeuza, kwenye dirisha la chini kuna mstari wa duara unaong'aa, mwembamba kama uzi. Nilifikiri nikisoma haraka moja kwa moja na kuburuta mafaili hadi upande wa Mac nitaokoa muda, na bado naona ni njia nzuri.

BintiKapasita
Pole sana kaka. Acha. Usiingize disketi nyingine hata moja.

FundiSumaku
Pole ndugu yangu. Huo mstari ni kichwa cha kusomea kilicho kichafu, au oksidi (tabaka la sumaku la disketi) inayobanduka. Kichwa cha draivu hii kiko chini, juu kuna kipedi cha sufi, ndiyo maana mkwaruzo uko upande wa chini. Zima, chomoa, chukua kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, pangusa kichwa mpaka kijiti kitoke cheupe. Kiangalie na kipedi, kikiwa kigumu au kina uchafu usitumie draivu hiyo.

Kisha kila disketi, kabla ya kuingia: izungushe kwa kidole kwenye tundu la kati huku ukitazama dirishani chini ya taa. Madoa meupe ni ukungu, weka kando. Nafasi iliyokatwa ubavuni izibe kwa utepe, isiandikike.

MzeeWaTraki35
Nimekuelewa mkuu, samahani kwa lugha. Ila kuburuta mafaili kataa. Faili likigoma katikati utarudia, na kila kurudia ni kichwa kinapita tena palepale. Chukua disketi nzima mara moja, mafaili utayatoa baadaye kwenye nakala. Kama una uwezo, zile mbaya zaidi mpe mwenye kifaa cha Applesauce, kinasoma mawimbi yenyewe ya sumaku.

MwanaMadison
Lakini nikisoma kwenye 1 na kuandika kwenye 2, programu ya kunakili nitaiwasha kutoka wapi?

FundiSumaku
Kutoka draivu ya ndani ya Color Classic. Tengeneza disketi ya 800K ya ProDOS yenye programu ya kunakili ya Copy II Plus. Bonyeza Command-Control-Escape, kwenye paneli weka ikoni ya 3.5 sloti yenye namba kubwa kuliko ya 5.25, maana IIe hutafuta pa kuwakia kutoka sloti 7 kushuka. Kasi iwe ya kawaida, si ya haraka.

Anza na disketi isiyo na thamani. Pima kasi ya draivu kwa Copy II Plus: mzunguko mmoja uwe karibu na milisekunde 200, yaani mizunguko 300 kwa dakika. Kwenye microSD andaa mafaili matupu ya baiti 143,360 kamili, moja kwa kila upande wa disketi, yote yaishie .po. Usije ukabadilisha jina kuwa .dsk baadaye, mpangilio wa sekta utavurugika. Halafu nakili sloti 6 draivu 1 kwenda draivu 2.

MwanaMadison
Mrejesho. 3.5 nimeitoa. Kijiti cha kwanza kilitoka na tope la kahawia, cha sita kikatoka cheupe. Disketi ya majaribio imepita yote. Nimeingiza moja ya baba: traki zote sawa isipokuwa $0E imeonyesha kosa. Nirudie?

MzeeWaTraki35
Safisha kichwa, rudia mara moja tu. Ikigoma, iache. $0E ni traki namba 14 (tukihesabu kuanzia 0), inabeba bloki 112 hadi 119, nane kati ya 280. Fungua imeji kwa programu ya CiderPress II kwenye kompyuta ya kisasa uone hizo bloki ni za faili gani. Huenda ni nafasi tupu.

MwanaMadison
Imegoma tena, nimeiacha. Bloki sita hazina kitu. Mbili ni za faili la AWP (maandishi ya AppleWorks) linaloitwa NGELI.3. Mwanzo wake unasomeka, ngeli ya KI-VI yote ipo.

FundiSumaku
Hiyo disketi iandike namba, iende kwa mwenye Applesauce. Endelea na ya pili, ila pangusa kichwa kwanza.