Mrejesho: Nadharia niliyoitumia kutathmini kliniki ya wajawazito

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza ni nadharia ipi ya kijamii ingenifaa kutathmini kliniki ya wajawazito katika zahanati moja ya kijijini. Nilifuata ushauri wa kutumia hoja aliyoitoa Michael Lipsky, mwanasayansi ya siasa wa Marekani, mwaka 1980, kwamba sera halisi hutungwa na mtumishi anayekutana na mwananchi ana kwa ana, huku akilemewa na kazi. Takwimu za mahudhurio zilipendeza mno, kiasi cha kunitia shaka. Lakini nilipokaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, nilimwona muuguzi akizipanga kadi upya na kuziweka chini kabisa ya rundo zile za wajawazito waliofika bila waume zao, ingawa mwongozo uliobandikwa ukutani haukuagiza hivyo. Dodoso nimeliacha, sasa ninaandaa mahojiano na muuguzi huyo, ambaye, kusema kweli, alikuwa peke yake zamu nzima.