MREJESHO: Rekodi za kwaya zilizofutwa kwenye flashi zimepatikana

Wakuu, niliomba msaada kuhusu rekodi za kwaya yetu zilizofutwa kwenye flashi kupitia kompyuta yenye Ubuntu (mfumo endeshi, kama ilivyo Windows). Zimerudi zote. Asanteni mno, rekodi hizo zina sauti za wazee wawili waliokwisha kututangulia.

Aliyenizuia kununua programu ya kurejesha faili alikuwa sahihi kabisa. Ukifuta faili ya flashi kwa kitufe cha Delete, Ubuntu inaihamishia kwenye folda iliyofichwa, .Trash-1000, humo humo kwenye flashi. Ndiyo maana flashi ilionekana tupu na bado ikasema imejaa! Nilibonyeza Ctrl+H, folda ikajitokeza. Ndani yake kuna "files", zilimo faili zenyewe, na "info", ambamo kila faili ina maelezo yake mafupi: ilikotoka, tarehe na saa ilipofutwa. Haya ya "info" yaliniokoa, maana nyimbo kadhaa zilikuwa na jina moja na mfumo ulishaziongezea namba.

Hiyo 1000 ni namba ya mtumiaji wa kwanza wa kompyuta. Kwa mwingine inaweza kuwa 1001.

Kwa atakayepatwa na haya: flashi ikiwa imechomekwa, unaweza pia kufungua Trash ya kawaida (kapu la taka la kompyuta) na kuchagua Restore, yaani rejesha. Ila kilichofutwa kwa Shift+Delete au kwa rm (amri ya kufuta inayoandikwa kwenye terminal) hakipiti humo. Hapo usiandike kitu kingine chochote kwenye flashi, tafuta fundi au programu ya kurejesha.